Kuswali ndani ya ndege: mwongozo kwa msafiri anayetokea Tanga

Ndege ikiondoka Dar es Salaam saa tisa usiku, Alfajiri itakukuta angani, upende usipende. Nalitanguliza hili kwa sababu wazee ninaowasindikiza umra huniuliza habari za swala zote tano, kumbe nne kati ya hizo zina njia. Adhuhuri na Alasiri hukusanywa, Magharibi na Isha hukusanywa, ukitaka unatanguliza, ukitaka unachelewesha. Alfajiri haikusanywi na nyingine wala haifupishwi. Kwa hiyo maandalizi mengi utakayoyasoma hapa ni kwa ajili ya rakaa mbili tu, na ukizimudu hizo, mengine ni mepesi.

Mimi si shekhe. Kazi yangu ni kukusanya pasipoti, kuhesabu vichwa na kubeba mikoba ya watu wazima kutoka Ngamiani hadi Jeddah na kuwarudisha salama. Ya fikihi nayataja kama tulivyosomeshwa chuoni, kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ndiyo ya pwani yetu. Aliyeambiwa vingine na mwalimu wake amfuate mwalimu wake.

1. Soma tiketi kwa saa za swala

Saa za kwenye tiketi huanza kuhesabiwa usiku wa manane. 03:40 ni saa tisa na dakika arobaini usiku, si saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Familia moja ya Makorora niliyopaswa kusafiri nayo ilifika uwanjani saa moja asubuhi, wametulia, vitumbua mkononi, na ndege ilikuwa imeruka saa tatu na ushei zilizopita. Tangu siku ile namwandikia kila mtu saa ya Kiswahili kwa kalamu nyekundu juu ya tiketi.

Saa ya kufika ni ya huko unakokwenda. Addis Ababa, Jeddah, Doha na Istanbul wako sawa na sisi. Dubai wametutangulia kwa saa moja.

Ukishajua ndege inaruka lini na inatua lini, chukua ratiba ya swala uzilinganishe. Ndege ya saa kumi alasiri haina tabu: uko Dar, umeshakuwa msafiri tangu ulipoiacha Tanga (barabara yetu hadi Dar ni kama kilomita 350, zaidi ya masafa yanayotakiwa), basi Adhuhuri ikiingia unaswali mbili za Adhuhuri na mbili za Alasiri papo hapo uwanjani. Nia ya kukusanya uilete ukiwa bado ndani ya ile ya kwanza, kabla ya salamu yake. Ndege ya saa kumi na moja jioni inayotua saa tano usiku nayo ni nyepesi: Magharibi unaichelewesha ukaiswali pamoja na Isha ukishatua, ila nia ya kuichelewesha iwepo moyoni kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Wengi wanasahau hiyo nia. Wanajikuta hawakuichelewesha, wameiacha.

Ukifikia kwa ndugu Dar kwa siku mbili tatu kabla ya ndege, bado ni msafiri maadamu hukunuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka. Lakini ukiswali nyuma ya imamu mkazi wa msikiti wa Kariakoo, unatimiza nne kama yeye.

Wanaopanda vile vindege vidogo kutoka uwanja wetu wa Tanga kwenda Pemba, Unguja au Dar, hamna haja ya mwongozo huu. Humo hakuna choo wala pa kusimama, na kabla hujamaliza nyiradi zako mmeshatua. Swalini kabla au baada.

2. Panda na udhu wako, na uulinde

Udhu wa chini, penye bomba na nafasi ya kuinua mguu, una raha kuliko wa juu. Chukua udhu mara ya mwisho karibu na kuitwa kupanda, kisha kazi yako iwe kuulinda.

Hapa Shafi ana mambo mawili yanayomgusa sana msafiri wa ndege. La kwanza ni usingizi. Aliyelala ameketi, makalio yamekita imara kitini, udhu wake haukutenguka. Aliyejilaza kwa ubavu juu ya viti vitatu vitupu, kafunikwa blanketi la ndege, huyo akaanze upya. Kwa hiyo kama huna haja kubwa ya kujinyoosha, lala wima. Shingo itauma kidogo lakini udhu utaukuta palepale.

La pili ni kugusana. Ngozi ya mwanamume kwa ya mwanamke asiye maharimu wake, yaani asiye ndugu aliyeharamishiwa kumwoa, hutengua, na kwa Shafi mke naye yumo katika hesabu hiyo. Viti vya ndege ni vyembamba na kiegemeo cha mkono ni kimoja kwa watu wawili. Vaa mikono mirefu, na kikundi kiombe wanawake wakae pamoja. Babu mmoja wa Duga alihama kabisa kwa ajili ya udhu wake, akaenda kukaa safu nne mbele. Bibi alinuna hadi Addis Ababa.

Mwenye khufu za ngozi, zile soksi zinazofunika vifundo, ana nafuu kubwa, kwani msafiri hupangusa juu yake siku tatu kwa usiku wake badala ya kuosha miguu. Ila zivae baada ya kupita ukaguzi. Ukizivaa nyumbani, ukifika kwenye mashine unaambiwa vua viatu, na ukishazivua khufu hukumu ya kupangusa imekatika, inabidi uoshe miguu.

3. Udhu ukitenguka huko juu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ugomvi unapoanzia.

Choo cha ndege ukikiingia, magoti yako mlangoni, kiwiko ukutani. Bomba lake unalibonyeza linatoa maji kidogo kisha linajifunga lenyewe. Beseni ni la kunawia viganja viwili. Mtu aliyezoea birika na jiwe la kusimamia nyuma ya nyumba, akijaribu kuutia udhu humo kwa namna ya nyumbani, anatoka kanzu imelowa hadi magotini na sakafu imekuwa bwawa. Anayeingia baada yake anaweza kuwa mtoto mwenye soksi, au mhudumu ambaye sasa itabidi apige magoti kufuta kwa karatasi. Nimeona mhudumu akifunga choo kizima kwa sababu hiyo, na foleni ya watu kumi ikitugeuzia macho sisi wenye kofia.

Fanya hivi. Beba chupa tupu ya nusu lita kwenye begi la mkononi; tupu inapita ukaguzi, yenye maji watakwambia uimwage. Ndani mwombe mhudumu akujazie maji ya kunywa, au jaza pale panapochotwa maji baada ya ukaguzi. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa pishi ndogo ya mudi, yaani maji yanayokaribia ujazo wa chupa hiyo hiyo. Kwa hiyo usione umepunjwa.

Ndani ya choo, shusha kifuniko, tandika karatasi za kufutia mbili tatu chini ya beseni. Baki na zile faradhi sita: nia pamoja na uso, uso wote, mikono hadi juu ya viwiko, kupaka sehemu ya kichwa, miguu hadi juu ya vifundo, na kufuata mpango. Mara moja moja inatosha. Tatu tatu utazirudia ukifika Madina. Unatia maji kiganjani, unapitisha usoni. Unatia tena kiganjani, unayaburura hadi kiwiko. Mguu usiuweke kwenye beseni, beseni ni la watu wote. Kaa juu ya kifuniko, inua mguu, mimina kidogo kidogo juu ya unyayo huku kiganja cha pili kikisambaza, na karatasi chini ikinyonya matone. Maji yapite kweli juu ya ngozi, kulowesha kwa kitambaa hakutoshi. Ukimaliza futa beseni, futa sakafu, tupa karatasi kwenye pipa la ukutani na si ndani ya choo.

Nenda mapema, saa nzima kabla ya Alfajiri, taa zikiwa bado zimezimwa na watu wanakoroma. Taa zikiwashwa, kila mtu anakumbuka kibofu chake.

4. Kiti, na mlinzi wa alfajiri

Kutoka Dar mnaelekea kaskazini, kwa hiyo mashariki iko mkono wa kulia. Mtu mmoja wa kikundi, mwenye macho mazima na asiye mwepesi wa usingizi, apewe kiti cha dirishani upande wa kulia, na kazi yake ni kuangalia nje. Weupe unaoinuka juu kama mkia haujawa alfajiri bado. Ukiona weupe umetandaa kwa upana, kulia na kushoto kwenye mstari wa upeo, hapo imeingia. Kwenye magharibi ni kinyume chake, aliye upande wa kushoto ndiye anayeona jua likizama.

Programu ya simu itakuambia saa za mji ulio chini yako, si zako. Mkiwa mita 11,000 juu, upeo wa macho unashuka, jua linawachomozea nyinyi zaidi ya dakika kumi kabla ya aliye ardhini pale chini, na linawazamia kwa kuchelewa vivyo hivyo. Maana yake Alfajiri yenu inakwisha mapema, msiilalie. Na mwenye funga asifungue kinywa kwa sababu rubani ametangaza kuwa mji fulani huko chini wameshafuturu. Jua akiliona dirishani bado ni mchana kwake.

Wazee wenye magoti mabovu au wanaokwenda choo mara kwa mara wapewe viti vya kando ya njia. Ombeni hayo mnapokata tiketi, maana mkifika kaunta siku ya safari mtapangwa mnavyopangwa.

5. Sema na mhudumu kabla, si wakati wa kusimama

Mkishapaa na taa ya mikanda ikazimwa, mmoja wenu anayejua kusema vizuri aende nyuma kwa wahudumu. Asiende wakati wa kupanda, pale wana shughuli ya kuhesabu watu na kufunga makabati ya juu. Mimi huwa nasema hivi:

“Habari ya kazi, dada. Samahani. Nina wazee wanne wataswali Alfajiri, kama saa kumi na moja na nusu hivi. Tutakuja mmoja mmoja hapa nyuma, kila mmoja dakika tano. Wewe ndiye utakayetuambia pametulia.”

Safari moja binti akanijibu, “Baba, toroli la chai ya asubuhi linatoka saa kumi na mbili kasoro robo. Anzeni kabla, na msije wote. Nikikutazama, mlete wa kwanza.” Basi ikawa. Wa kwanza alipotoa salamu, wa pili alikuwa amesimama pembeni na kofia yake mkononi. Wanne wakamaliza, na toroli halikupata wa kulizuia.

Hilo toroli lihesabu sana. Katika safari za usiku chai hutolewa saa moja na nusu au mbili kabla ya kutua, na mara nyingi ndipo alfajiri inapotandaa. Likishaingia njiani, hakuna anayepita. Baada yake kuna foleni ya choo, kisha taa ya mikanda inawaka kwa kushuka. Ukisema “nitaswali nikishakunywa chai” umeshaikosa.

Kwenye ndege isiyo na mhudumu wa Kiswahili, mwambie kijana wa nyumbani akuandikie maneno hayo hayo kwenye kikaratasi kwa Kiingereza, na ukitaka kwa Kiarabu nyuma yake. Unamwonyesha mhudumu, unatabasamu, basi.

Usidharau hatua hii. Mwaka 2006 huko Minneapolis, Marekani, maimamu sita waliteremshwa kwenye ndege; walikuwa wameswali pale pa kusubiria, na abiria mmoja aliyewatilia shaka akampelekea mhudumu ujumbe wa maandishi. Mwaka 2010 kijana wa Kiyahudi wa miaka 17 aliyekuwa akitoka New York kwenda Louisville alifunga vijisanduku vya ngozi vya maandiko kichwani na mkononi, kama wafanyavyo katika ibada yao ya asubuhi, na ndege ikageuzwa ikatua Philadelphia. Wote hao walikuwa katika ibada ya kawaida ya dini yao. Sisemi haki ilikuwa ya nani. Nasema mtu aliyeambiwa mapema “huyu ataomba, atainama, atasujudu, hatajibu ukimwita” hashtuki.

6. Kibla

Watu wa Tanga tuna bahati ya jiografia. Makka iko karibu juu ya mstari mmoja na sisi, sisi kama digrii 39 mashariki, wao karibu 40, ndiyo maana kibla chetu ni kaskazini. Ndege ya Dar kwenda Addis Ababa, kisha Jeddah, inaelekea huko huko, kwa hiyo karibu safari nzima pua ya ndege iko kiblani. Aliyekaa kitini mwake ameshaelekea bila kujua.

Njia ya Ghuba ni tofauti. Mkitoka Dar kwenda Doha, mwanzoni kibla kiko mbele kidogo kushoto. Kadiri mnavyokwenda kinazidi kuhama kushoto, na mkikaribia Doha kimeshakuwa nyuma ya bega lako la kushoto. Usikariri cha mwanzo. Mashirika kadhaa ya Ghuba huonyesha mshale wa Makka kwenye ramani ya kioo cha mbele ya kiti; fungua ramani hiyo dakika chache kabla ya kusimama. Dira ya simu usiiamini sana ndani ya bomba la chuma na nyaya.

Na kama hujui kabisa, jitahidi, uliza, kisha elekea dhana yako inapokuelekeza. Mwaka 2007 Mmalaysia Sheikh Muszaphar Shukor alipokwenda kituo cha anga, wanavyuoni wa kwao walimwandalia mpango wa hatua: Kaaba yenyewe ikiwezekana, kisha usawa wake juu angani, kisha dunia, kisha popote. Yeye alikuwa akiizunguka dunia nzima kila dakika tisini. Wewe unapita juu ya Ethiopia.

7. Swala yenyewe

Simama pale ulipoonyeshwa, mara nyingi nyuma karibu na jiko la ndege. Baadhi ya ndege kubwa za Saudia zina kieneo cha kuswalia mkiani, hapo unaingia tu kama msikitini. Kwingineko usijitandikie njiani katikati ya viti. Msala mnene uache ndani ya begi kubwa. Kanga iliyokunjwa mara mbili inatosha na haichukui nafasi. Sakafu karibu na choo huwa ina maji, iangalie kwanza.

Fatiha na sura fupi, sauti ya kujisikia mwenyewe. Dakika tatu, nne. Swala ya jamaa ya watu kumi waliopanga safu mbele ya mlango wa dharura msiifanye, hata mkiruhusiwa. Nyiradi na dua ndefu zimalizie kitini.

Taa ya mikanda ikiwaka ukiwa umesimama, na ndege ikaanza kuruka-ruka, kaa chini au rudi kitini, jifunge, ukamilishe kwa kukaa kama unavyoweza. Kujilinda nafsi kumo ndani ya dini hiyo hiyo.

Mzee asiyeweza kusimama hata nyumbani anaswali kitini bila wasiwasi: anainama kwa rukuu, anainama zaidi kwa sijda. Meza ya mbele aifunge, na asisukume kiti cha mwenzake. Kijana mzima aliyekatazwa kusimama, au asiyeweza kuelekea kibla, walimu wetu wengi wamesema aiswali hivyo hivyo kitini kwa heshima ya wakati, kisha airudie akishatua. Wapo wanaosema inamtosha. Mimi huwaambia watu wangu wairudie. Ni rakaa mbili.

Hapo pa kukatazwa, nimeshuhudia fedheha. Mhudumu mmoja alikataa katakata, hakutaka hata kusikia ni dakika ngapi, na kwa maoni yangu alikosea. Mzee wetu akakosea zaidi: akasimama, akapaza sauti, akaanza kumsomea aya. Likaja onyo kutoka kwa rubani. Tangu Mkataba wa Tokyo wa 1963 kamanda wa ndege ana mamlaka ya kumfunga mtu anayevuruga usalama na kumkabidhi polisi anapotua. Nilimshika mzee mkono, nikamwambia, “Babu, nakuomba, swali umekaa, tukishuka tutarudia pamoja.” Alikaa. Alinisemesha tena siku ya pili.

8. Viwanja vya kuunganishia

Addis Ababa, Doha, Dubai, Istanbul na Jeddah vyote vina vyumba vya swala, wanaume kwao na wanawake kwao. Tafuta kibao chenye picha ya mtu aliyepiga magoti. Kule London, Heathrow, chumba ni cha dini zote, utamkuta mwingine na Biblia yake; mnaachana kwa amani. Penye mahali pa kutawadhia usioshe miguu kwenye masinki ya vyoo.

Ukishuka, jambo la kwanza ni kujua lango la ndege ya pili liko wapi. La pili ndilo swala. Nimewahi kumpoteza mtu Dubai akiwa anaswali sunna.

9. Wa umra: ihramu isiingie begi kubwa

Hili naliandika kwa aibu kidogo. Msimu mmoja wanaume saba wa kikundi changu waliweka shuka za ihramu kwenye masanduku yaliyokwenda tumboni mwa ndege. Tulipoambiwa tunakaribia mikati, ule mpaka ambao mwenda umra haupiti bila ihramu, tukawa tunatazamana na suruali zetu. Sasa nakagua begi la mkononi la kila mwanamume pale stendi ya Kange kabla basi halijatoka: shuka mbili, kandambili, mkanda. Vaeni kwenye uwanja wa kuunganishia, baada ya kuoga au kutawadha, na nia ileteni ndegeni mkifika usawa wa mikati. Ndege za Saudia hutangaza. Nyingine mwombeni mhudumu mapema awaulizie kwa rubani, na mnuie kabla kidogo kuliko baada. Mwanamke aliye kwenye hedhi naye ananuia hapo hapo, anachosubirisha ni tawafu, yaani kuizunguka Kaaba.

10. Wasio Waislamu

Jirani yangu wa Chumbageni, Mkatoliki, ananiambia yeye hana shida: rozari iko mfukoni, midomo inacheza, hakuna anayejua. Kikundi cha kwaya kinachosafiri kiimbe kwa kunong'ona. Ndege si basi la harusi. Anayeshika Sabato aangalie tiketi ya Ijumaa jioni kama sisi tunavyoangalia Alfajiri, maana yake inaanza jua likizama. Na kwa wote, Wahindu wenzetu pamoja nasi wa udi na ubani: hakuna kinachowashwa moto ndani ya ndege, hata kijiti kimoja.

11. Kwa kijana wetu aliyepata kazi ya uhudumu

Mwanangu, wapo wanaokuja kwako na haya, na wapo wanaosimama tu bila kuuliza. Wote wape saa na mahali: “Kabla ya chai, pale nyuma, watu wawili tu.” Jibu la namna hiyo linamtuliza mtu kuliko “haiwezekani” au “subiri” isiyo na mwisho. Anayeswali usimguse begani wala usimwite mara tatu. Amekusikia, ila hawezi kukujibu, na akisema “Subhanallah” anakuambia nimekusikia. Usipite mbele yake kama nyuma pana nafasi. Taa ya mikanda ikiwaka, mwambie kwa sauti ya kawaida, maneno machache, “Baba, mikanda, kaa.” Wengi watakaa. Mwanamke mpe kona yenye pazia ukiweza. Na kama kweli haiwezekani, sema sababu, iwe hali ya hewa au tunashuka, mtu mzima akijua sababu anaswali kitini.

12. Kurudi

Safari ya kurudi kibla kinakuwa mkiani, kwa hiyo kitini huwezi kukielekea. Panga pale nyuma mapema zaidi, watu wamechoka na wana madumu ya Zamzam akilini. Mkitua Dar bado ni wasafiri. Basi la jioni likiwakuta na Isha barabarani, ukiiswali Muheza ni rakaa mbili. Ukiisubirisha hadi Kange, umeshafika nyumbani, ni nne.